Mkono Shimoni

...na sasa ananiambia nisiwe na wasiwasi, geti amelifunga mwenyewe tangu saa kumi na mbili asubuhi, kufuli juu, ufunguo huu hapa shingoni, anautikisa niuone, kana kwamba sijui kuwa ufunguo unaofunga ndio huo huo unaofungua, na mimi nimepiga magoti kwenye tope, maji ya kiunoni, mkono wa kulia umeingia shimoni chini ya mkuyu hadi begani, shavu nimelilaza kwenye mzizi, nimebakiwa na jicho moja tu la kumtazamia, na jicho hilo linamwona yeye, Stanslaus, baba Violeth, mlinzi wa bwawa, amekaa juu ukingoni pale pale nilipokaa mimi siku ile, mbele ya jiwe lile lile la kupimia maji, miguu ameikunja kama mgeni aliyekaribishwa uji, anachokonoa meno kwa kijiti, mtu gani anachokonoa meno mahali alipokufa mtu... nyamaza Mageni, tulia, usimfikirie yeye, fikiria vidole, vidole viko wapi, viko mwisho wa shimo, vimelegea kama mume wangu Mabula alivyonifundisha, usishike, usitafute, acha mkono uwe mzizi mwingine tu kati ya mizizi, na hapo, hapo hapo, kitu kimenigusa, chembamba, kimepita juu ya kidole gumba kikarudi, sharubu, ni kambale, ashukuriwe Mungu si kamongo, kamongo hana sharubu, ana meno, huyu ni kambale na si mdogo, maji yamesukumwa nyuma yake kama mtu anayejigeuza kitandani, na kazi iliyobaki ni kungoja, ageuke, alete shavu, niingize vidole kwenye matamvua nimvute, kungoja tu, dakika tano, dakika kumi, samaki wa shimoni hana haraka, mwenye haraka ni maji.

Na kama hajalifunga? Nimeliona geti mimi? Sikuliona... nimeona mto umepungua, nimeona mchanga umetoa mgongo pale kwenye kona, nimeona perege wadogo wamebaki kwenye vidimbwi wanarukaruka, hizo ni dalili za geti kufungwa kweli, lakini geti linalofungwa saa kumi na mbili linaweza kufunguliwa saa nne, siku ile pia lilifungwa, siku ile pia mchanga ulitoa mgongo, na huyu huyu alitangaza atafungua saa nane mchana, akafungua saa tano. Kutoka ukuta wa bwawa hadi hapa maji yanatembea muda wa kusonga ugali wa watu wanne, hayazidi hapo, na yeye yuko hapa, basi ni nani yuko kule, nani ameshika usukani wa geti wakati yeye anachokonoa meno, nilimuuliza tukiwa njiani akasema hakuna mtu, geti likishafungwa halina haja ya mtu, si ng'ombe hilo, mama, halitoroki, akacheka, nikacheka na mimi, kicheko cha kufunika jambo... anajibu upesi mno yule, kila unachomuuliza jibu liko tayari mdomoni, mtu asiye na neno moyoni husita kidogo. Na kwa nini leo, leo Jumanne, Ijumaa kamati ya watumia maji inakaa kwa mara ya mwisho, Ijumaa mwenyekiti Thobias atanisimamisha mbele ya watu aniulize tena, Mama Klara, siku ile uliisikia rimu, ile rimu ya lori iliyotundikwa pale ukutani, ambayo mlinzi anapaswa kuigonga kabla hajafungua maji, uliisikia au hukuisikia, na mimi nikisema sikuisikia, kama nilivyosema mwezi wa nne, basi Stanslaus ndiye aliyemuua mume wangu, atavuliwa ufunguo, na polisi wanangoja karatasi ya kamati tu wamchukue, kijiji kizima kinajua, yeye mwenyewe anajua, na mtu huyo huyo anakuja mlangoni kwangu alfajiri, anapiga hodi ya chinichini, mwangaluka mayo, umeamkaje mama, leo nafunga maji chujio lisafishwe, kama unataka samaki njoo, nitakutazamia jiwe... mtu gani anamwita shahidi wake mtoni, peke yake, siku tatu kabla?

"Jiwe kavu, mama," anasema kutoka juu, sauti ya upole, ya kistaarabu, mama tu, haongezi jina, anaujua mwiko, kila mtu wa mto huu anaujua, aliyetia mkono shimoni haitwi kwa jina, wala la kuzaliwa wala la mtoto wake, jina likitajwa juu ya shimo samaki anageuka na mdomo, anauma mkono, baba yake Mabula alisema hivyo na babu yake alisema hivyo, ukitaka kumshtua mwenzio unatupa kokoto majini karibu naye, kokoto moja, anaelewa, anatoka... mimi niliwahi kuudharau, mwaka wa pili wa ndoa, nimepika, nimengoja, jua limepanda, nikaja hapa ukingoni nikapaza sauti, Mabula wee, chakula kinapoa, na Mabula akatoa mkono bila ncha ya kidole cha shahada, kamongo amekata kama mkasi, damu mpaka kwenye kiwiko, hakunipiga, Mabula hakuwa mtu wa kupiga, alikifunga kidole kwenye pindo la shati akaniambia usirudie, mke wangu, hilo tu, na tangu siku hiyo akawa anatia mkono wa kushoto shimoni, ule wa kulia akaubakiza nje, na miaka ishirini na sita nikakitazama kile kidole kifupi kila siku, kikimega ugali, kikishika kikombe, kikimnyooshea Klara njia ya shule, na kila nikikitazama kinaniambia usirudie, na sikurudia.

Amerudi, amelaza sharubu kwenye kiganja, ananikagua, nikague tu bwana, mimi mzizi... Mabula alikuwa akisema maji yakipungua taratibu samaki anahama, anashuka na mto kutafuta kina, anachagua, lakini maji yakikatwa ghafla hana muda wa kuchagua, anaingia shimo la karibu, baya, jembamba, lenye mlango mmoja, kwa hiyo watu wote wakikimbilia madimbwi makubwa kule chini na nyavu zao, wewe nenda kwenye mashimo ambayo samaki mwenye akili asingelala, ndivyo tulivyokula, ndivyo tulivyomsomesha Klara mpaka akapata duka lake Katoro, kwa mashimo mabaya, watu wa mnadani Mhunze walidhani tuna dawa, Mabula ana dawa ya kuita samaki, walisema, na Mabula alikuwa na akili tu na mke wa kumtazamia jiwe. Maana kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mmoja mkono shimoni, mmoja macho kwenye jiwe, kwa sababu mwenye mkono shimoni hajui kitu, sikio limejaa mto, uso umegeukia mizizi, hajui maji yanapanda mpaka yamfike mdomoni. Tangu mwezi wa nne hakuna aliyekubali kunitazamia. Jirani yangu Sesilia alisema mgongo unamuuma, shemeji yangu Ngusa alisema ana safari ya Segese kwenye makarasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, safari ya miezi mitatu hiyo, na juzi nimemwona kilabuni, wananikwepa, wanasalimia wakiwa wanatembea, nilidhani ni huruma, watu huogopa mjane mbichi, sasa sijui, labda nao wananishuku, labda wanaulizana, si mke alikuwa pale, si alikaa palepale ukingoni, macho anayo... hapana, hapana, wanaulizana nini, wote walinililia, walisikia nikisema. Aliyekubali ni huyu peke yake. Siku ya mazishi alileta kuni, mzigo mzima kwenye baiskeli, nikaagiza zirudishwe, zikarudishwa mbele ya macho ya watu, akainamisha kichwa akazisukuma mpaka kwake, na leo mtu huyo ananitafutia samaki, na mimi nimekuja, nimekuja kwa sababu nyumbani mboga imekwisha, nadanganya, mboga ipo, nimekuja nimwone uso, nilitaka nikae naye karibu mara moja kabla ya Ijumaa nimsome kama ninavyosoma maji, nijue anajua nini.

Na kuna kitu hakikai sawa. Hanitazami. Tangu nimeingia majini hajanitazama hata mara moja, mwanaume yeyote angetupa jicho, kanga imelowa, mgongo uko nje, na hilo pia nililifikiria njiani, nikasema labda ndilo analolitaka, amefiwa na mkewe mwaka juzi na mimi bado nina nguvu zangu, akinioa sitakuwa shahidi, hesabu rahisi hiyo, lakini wapi, macho yake hayatoki kwenye jiwe, anatafuna kijiti, anazungumza habari za ng'ombe wa watu walioingia kwenye mpunga, anapiga mbu shingoni, na macho yako kwenye jiwe, pale kwenye mstari wa maji, juu pakavu peupe, chini pamelowa peusi, analitazama kama mtu aliyebandika maziwa. Analitazama hivyo kwa nini, kama geti limefungwa? Mtu anayejua maji hayaji halitazami jiwe namna hiyo, anayelitazama namna hiyo ni yule anayejua yanakuja... na jani la mkuyu limepita mbele ya pua yangu, limepita upesi kuliko lile la kwanza, au ni macho yangu, na kwenye vifundo vya miguu pana ubaridi ambao haukuwepo, au ulikuwepo... simu yake imelia. Anaipokea bila kugeuza shingo, anaongea harakaharaka, chinichini, nusu naisikia, nusu inamezwa na mto, bado... yaya, hapana, bado... usiuguse, umenisikia, usiuguse mpaka nikuambie, anakata, anairudisha mfukoni, usiuguse nini, usukani, kitu gani kingine kinaguswa kule, kuna mtu kule, alisema hakuna mtu na kuna mtu, nimemkamata, Mungu wangu nimemkamata, toa mkono Mageni, toa sasa hivi, na mkono hautoki, nimeganda, na kambale ananipapasa kidole baada ya kidole kama kipofu anayetafuta komeo la mlango.

"Ulisema hakuna mtu kule," nasema, mdomo umegusa mzizi, maneno yana ladha ya tope.

"Fundi wa chujio yuko kule," anasema. "Ningekuambia yupo usingekuja."

Anakiri, hivi hivi, kwa urahisi, hata sauti haikupanda, alinidanganya asubuhi na sasa anakiri kabla jua halijafika utosini, na anaongeza, ufunguo ninao mimi, hata akitaka hawezi, ila siku ile pia nilikuwa na uhakika wa kila kitu, ndiyo maana leo nimemwambia hata kuugusa asiuguse... siku ile, asianze siku ile, siku ile ni yangu, niliisema mbele ya mkutano, nilikaa ukingoni, jiwe lilikuwa kavu, sikusikia rimu, maji yakaja kama ukuta, basi, wanawake walilia, Thobias aliandika kwenye daftari, imekwisha, na yeye anaendelea kwa sauti ile ile ya kuzungumzia ng'ombe, maji yalikuwa yamepita alama nyekundu, mvua yote ya juu iliteremka asubuhi ile, nisingefungua ukuta ungepasuka... hilo najua, nani halijui... nikapiga rimu mara tatu, nikangoja, nikatazama huku... huku wapi, anatazama huku kutoka wapi, na nainua jicho langu moja kufuata mto, juu ya mgongo wa mchanga, juu ya majani yaliyokauka, na ukuta ule pale, mweupe, mdogo kama kipande cha chaki, uko wazi kabisa, hakuna mti hata mmoja katikati, miezi mitatu sikuwahi kuwaza kwamba kama mimi nauona ukuta, aliyesimama juu ya ukuta anauona mkuyu.

"Nikaona kanga nyekundu," anasema, "imekaa. Nikapiga tena mara tatu. Ikasimama."

Ikasimama. Anasema kanga, hasemi wewe, ananistahi hata hapo... Ni kweli nilisimama. Hakuna anayejua kwamba nilisimama, sikumwambia Thobias, sikumwambia Klara, sikumwambia Mungu kwa maneno, nilisimama, na anayesimama amesikia, kwa nini mtu aliyekaa kwenye kivuli ainuke ghafla kama hakusikia kitu? Mara ya kwanza ilipiga, ngo, ngo, ngo, mbali, nikasema moyoni ni shule ya msingi wanatoka mapumziko, shule nayo ina rimu, imetundikwa kwenye mwarobaini, mlio ni ule ule, nikajiambia hivyo nikabaki nimekaa, nilikuwa nimepata kivuli kizuri, na ikapiga tena, ngo, ngo, ngo, nikasimama, kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Jumamosi shule haipigi kengele. Nililijua hilo nikiwa nimesimama, si baada ya mazishi, si katika kufikirifikiri, pale pale kwa miguu miwili nililijua, na miezi mitatu nimelibeba nikasema ni Stanslaus, mlinzi mlevi, na hata pombe hanywi, mlinzi mzembe, mlinzi muuaji, nikawasha moto nikampikia uongo huo kila siku mpaka nikaula mwenyewe nikashiba.

"Nikadhani umeshamwita," anasema. "Nikadhani anatoka. Nikageuza usukani."

Nilitupa kokoto. Nilifanya kama inavyotakiwa, Mungu anaona, kokoto moja karibu na bega lake, na Mabula akainua mkono wa kulia, ule uliokuwa nje, akanyoosha kile kidole kifupi juu ya maji, subiri, maana alikuwa amemshika mkubwa, nikatupa ya pili, kidole kile kile, subiri, na kwenye jiwe ile sehemu nyeupe ilikuwa inalowa, naiona, inakuwa nyeusi upana wa kidole, upana wa vidole viwili, upana wa kiganja, na jina lake liko hapa kooni, fupi, jepesi, hata mtoto analiweza, mdomo nimeufungua, na nikakitazama kile kidole kilichokatika, usirudie, mke wangu, na mdomo nikaufunga. Nikatupa ya tatu, ya nne, nikazoa kiganja kizima nikamwaga, akageuka kidogo, nadhani alikasirika, nadhani kitu cha mwisho alichokihisi juu yangu ni kwamba namharibia samaki, na hapo povu likaja, na vijiti, na maji ya rangi ya chai, na nilipoita tayari mto ulikuwa unaita kwa sauti kubwa kuliko mimi, niliingia, nilimshika shati, nilivuta, na kipande cha salfeti, gunia la plastiki, alichojiviringishia mkononi kuzuia meno kilikuwa kimenasa kwenye mzizi, huu, huu huu nilioulalia shavu.

Kwa nini hakusema? Mkutanoni alisimama na kofia mkononi, Thobias akamwambia mama hakusikia kitu, wewe unasema ulipiga, nani mkweli, na yeye akasita, leo ndiyo nakumbuka kwamba alisita, akasema nilipiga, labda upepo. Labda upepo. Na hakukuwa na upepo siku ile, majani ya mkuyu yalikuwa yamelala kama nguo kwenye kamba, kila mtu aliyekuwepo anajua hakukuwa na upepo, angeweza kusema nilimwona amesimama, sentensi moja, yangekwisha, mimi ndiye ningekuwa nasukuma kuni zangu nikirudi nyumbani, na hakusema... au anaiweka, anaiwekea Ijumaa, ndiyo, amenileta hapa anionyeshe kwamba anayo, Mama Klara ukisema yako nami nasema yangu, ndivyo watu wanavyofanya, sijawa mjinga, kushuku hakuniishi kama ukurutu, nikiona mtu mwema natafuta nyuma yake pana nini. "Kwa nini hukuwaambia?" namuuliza, na natega sikio langu moja lililo nje ya maji, nitajua, akijibu upesi nitajua.

Hajibu upesi. Anatoa kijiti mdomoni, anakitazama, hapana, hakitazami, anakishika tu, macho yako kule kule, na mbu ametua shavuni kwake anakunywa taratibu na yeye hapigi, labda anaogopa hata kupepesa.

"Jiwe kavu, mama," anasema.

Hilo ndilo jibu lake, na nautafuta ubaya wake naukosa, naligeuza huku na huku kama mnunuzi anayefungua mashavu ya samaki kuona kama ameoza, naukosa, analitazama jiwe kwa sababu anafanya kazi niliyopewa mimi, anaifanya kama ilivyopaswa kufanywa, tangu saa mbili asubuhi hajainua macho, kwa ajili ya mwanamke aliyemwita muuaji mbele ya watoto wake. Ijumaa Thobias akiniuliza nitamwambia Jumamosi shule haipigi kengele. Ataelewa au hataelewa, nitamwambia hivyo hivyo, na kuhusu kusimama nitamwambia, na watu wanitazame wanavyotaka, Sesilia apone mgongo au asipone... naogopa, Klara atasema nini, mama ulimwona baba anazama ukatupa kokoto, atasema hivyo, na sitakuwa na jibu isipokuwa kidole.

"Baba Violeth."

"Naam."

"Jiwe likilowa usitupe kokoto."

Kijiti kinamponyoka, hakiokoti.

"Niite," nasema. "Niite kwa jina langu, Mageni, kwa sauti yote."

"Samaki atageuka, mama."

"Ageuke."

Na kwa kuwa nimeshalitaja langu juu ya shimo na mwiko umeshavunjika, na mdomo uko pale pale kwenye mzizi uliomshika, nalitoa na lile lingine, lile lililobaki kooni tangu Jumamosi ile, kwanza dogo, Mabula, halafu kubwa, Mabula wee, Mabula toka, linaingia shimoni, nalisikia linagonga mwisho wa shimo, maji yanatetemeka kifuani kwangu, juu ukingoni Stanslaus hageuki, yuko kwenye jiwe, na mimi nakunja uso nangoja, nangoja meno, nangoja mkia upige na maji yasukumwe, nangoja damu, nahesabu moyoni kumi, nahesabu tena, na sharubu ziko pale pale juu ya kidole gumba, baridi, zimetulia, samaki hajageuka.